Mkwe na Vitufe vya Chini

Inatangazwa kwa wanachama wote wa Umoja wa Wakulima wa Parachichi Milimani kwamba, kuanzia msimu huu, zama za kumtafuta dereva kwa simu zimefikia kikomo. Kila huduma ya Umoja sasa ipo umbali wa mguso mmoja katika programu mpya, ambayo imejaribiwa na wakulima wenyewe, majumbani kwao, na wote walioijaribu wameridhika. Tangazo hilo lilibandikwa kwenye ofisi za Umoja kuanzia Mbeya hadi Iringa, likiwa na muhuri, na kila aliyelisoma alielewa kwamba jambo lenye muhuri limekwisha kufikiriwa na mtu mwingine.

Wakulima wote walioijaribu, kwa hesabu ya haki, walikuwa mama mkwe wa Asukile.

Asukile alizaliwa Tukuyu siku ya mvua, jambo ambalo kule halihitaji kuandikwa. Alisoma, akafaulu, akasoma tena, na mwishowe akapata kazi katika ofisi ndogo Mwanjelwa, ghorofani juu ya duka la rangi, ambako yeye na wenzake walitengeneza programu za simu kwa yeyote aliyezihitaji na kwa wengine ambao hawakuzihitaji. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Akiulizwa kama chakula kimekosa chumvi, alikuwa akijibu kwamba kimepikwa vizuri. Alipokwenda kuposa Igowole kwa kina Mercy, wazee walimchunguza jioni nzima, kisha wakasema sentensi moja: kijana ana adabu. Huko Mufindi sentensi hiyo ikishasemwa, maswali mengine hurudi mfukoni.

Programu ya zamani ya Umoja ilikuwa ukurasa mmoja mrefu. Juu kulikuwa na picha ya viongozi, chini yake hali ya hewa, chini yake bei, chini yake picha nyingine ya viongozi, na mwisho kabisa kitufe cha kuita gari la kubeba matunda. Mkulima alishuka nayo kwa kidole kama mtu anayeshuka bondeni kuteka maji, na akifika chini alilikuta gari. Ilikuwa mbaya, na watu walikuwa wameizoea, mambo mawili ambayo mara nyingi hukaa nyumba moja.

Clement, bosi wa Asukile, hakuipenda. Alitaka kazi igawanywe kwenye vitufe vinne vilivyopangwa mstari mmoja chini ya kioo: nyumba ya kurudi mwanzo, wingu la hali ya hewa, gari la kuita gari, na kichwa cha mtu kwa taarifa za mwanachama. Ukigusa kimoja, ukurasa wake unafunguka; ukigusa kingine, unahamia huko. Bila maneno.

“Maneno yanaifanya ifanane na fomu ya zahanati,” alisema Clement. “Picha inatosha. Nani hajui gari?”

Asukile alivitengeneza. Vilikuwa vizuri, vidogo, vya kijani, vimejipanga kule chini kama wanakwaya. Ndipo Clement, ambaye alikuwa anasoma sana mambo ya watu wengine, akamwagiza akavijaribu.

“Nenda kwa mkulima. Kaa ubavuni kwake. Usimfundishe, usimsaidie, tazama vidole vyake tu. Akipotea, kosa ni letu.”

“Mkulima yupi?”

“Si mama mkwe wako ni mwenyekiti wa kikundi kule Igowole? Una mtumiaji ndani ya ukoo, unataka nini tena?”

Clement hakuwa ameoa.

Mambo ya ukwe hayana mzaha, si kwa kina Asukile wala kwa kina Mercy. Mkwe na mama mkwe hawakai kochi moja, hawali sahani moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli migombani. Kukaa ubavuni kwa Mama Faustina na kumtazama vidole ilikuwa kazi ambayo Asukile angeweza kuifanya baada ya kufa, si kabla.

Kwa hiyo jaribio lilifanyika hivi. Asukile alikaa kwenye kochi la mwisho, lile lenye kitambaa cha kufuma. Mama Faustina alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, amegeukia upande. Walisalimiana, kamwene kwa kamwene, kila mmoja akiisalimia sakafu. Katikati yao alitembea Mercy akiwa amebeba simu kama mshenga.

“Mama, mwenzangu anaomba uite gari. Kama vile kesho mnavuna.”

Mama Faustina aliishika simu kwa mikono miwili. Kutoka kwenye kochi, Asukile aliona kilemba, bega moja, na ndama nje ya dirisha. Kidole hakukiona.

“Umeona, mama?”

“Nimeona.”

“Umeita?”

“Mwambie baba ni nzuri. Ina picha nzuri sana. Mwambie Mungu ambariki kwa kazi ya mikono yake.”

Kisha kuku akaletwa mezani.

Siku ya kurudi Mbeya, basi liliposimama Chimala na wauza mchele wakaanza kugonga madirisha, Mercy alisema bila kugeuka, “Mama hakuita gari.”

“Alisema ni nzuri.”

“Ulitaka asemeje? Umle kuku wake, halafu akwambie kazi yako haifai?” Alimwashiria muuza mchele kwamba hanunui. “Kule chini hagusi kabisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza siku nilipompa ile simu. Kule chini ndiko kuna alama ya kurudi, akiigusa anatolewa nje, anachanganyikiwa, anadhani ameharibu. Nikamwambia, mama, wewe pandisha na ushushe, huko chini usiguse. Na hajagusa tena. Alishusha ukurasa, akapandisha, akashusha. Gari hakuliona.”

“Sasa mbona hukusema palepale?”

“Nimwaibishe mama yangu mbele ya mkwe wake? Mwenzangu, umekuwa mgeni lini?”

Basi lilipofika Uyole, Asukile alikuwa amekwisha kuamua. Alijiambia kwamba kesho yake angemweleza Clement yote. Lakini kesho yake ofisi ilikuwa imejaa, kulikuwa na mgeni kutoka Umoja, na Clement alimuuliza mbele ya watu wote: “Vipi, mkulima amesemaje?”

“Amesema ni nzuri,” alijibu Asukile. “Picha zimempendeza.”

“Mmoja tu?”

“Ni mwenyekiti. Anawakilisha kikundi.”

Kila neno katika majibu hayo lilikuwa la kweli. Asukile aliona aibu palepale, lakini aibu yake ilikuwa na adabu kama mwenyewe: ilikaa nyuma, ikasubiri kukaribishwa. Mgeni wa Umoja aliandika. Lile tangazo lilitoka kwa mpigachapa kabla Asukile hajapata nafasi ya kuzungumza faraghani na Clement, nafasi ambayo, lazima isemwe, hakuitafuta kwa bidii.

Msimu ukafika. Igowole kuna utaratibu: mwenyekiti wa kikundi huita gari kwa niaba ya wote, siku moja kabla. Wanawake walivuna, wakabeba kreti hadi kituo cha kukusanyia, na Mama Faustina akaingia ndani na simu yake. Alishusha ukurasa mpaka mwisho. Mahali pa gari palikuwa na picha ya viongozi. Akapandisha, akashusha tena, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Angeweza kumpigia Asukile. Lakini kumpigia mkwe na kumuuliza gari liko wapi ilikuwa sawa na kumwambia kwamba ile nzuri haikuwa nzuri. Alimpigia Mercy, na Mercy alikuwa darasani akifundisha, simu ikiwa kwenye mkoba.

Asubuhi, gari la Umoja lilipita likielekea Mafinga, nusu tupu, wala halikupunguza mwendo. Parachichi lililochumwa halirudi mtini. Siku chache baadaye yalikuwa yamelainika kwenye kreti. Machache yakaenda sokoni, yaliyobaki wakala nguruwe, ambao kwa mara ya kwanza Igowole waliwakilishwa ipasavyo katika zao la kuuza nje.

Mercy aliposikia, hakugomba. Alisema tu, “Jumamosi tunakwenda kumpa mama pole,” na Asukile akajua kwamba hilo halikuwa wazo bali ratiba.

Walifika siku ya kikao cha kikundi. Wanawake walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka. Mkwe haingii kikao cha wanawake, hivyo Asukile alipelekwa sebuleni, kwenye kochi lake, na kwa sababu mkwe haachwi mkavu, akawekewa kuku. Juu ya vipande vyote iliwekwa firigisi, ambayo ni ya mtu wa heshima. Dirisha lilikuwa wazi. Asukile alisikia kila kitu.

“Mwenyekiti, gari tumeliona,” ilisema sauti ya Matilda, makamu wa kikundi, mwanamke ambaye hata akinong’ona kanisani mchungaji hunyamaza. “Limepita hapa linatupungia mkono. Sisi nasi tukalipungia. Sasa tunauliza, nani aliliita likapita?”

Kicheko kifupi, kisicho cha furaha.

“Sikuliita,” alisema Mama Faustina.

“Kwa nini?”

“Nilisahau.”

“Wee! Wewe usahau? Wewe unayekumbuka hadi leo nani hakuleta kuni kwenye msiba wa mwaka juzi?”

“Nilisahau, Mama Matilda. Uzee.”

“Uzee umekuja siku ya gari tu? Na hilo lisimu lote, ni la kujipigia picha?” Mikeka ikachakarika. “Haya, si mkwe wako ndiye aliyeitengeneza hiyo programu? Tumemwona akiingia. Aitwe aje atuonyeshe mahali mtu anaposahau.”

“Mkwe wangu anakula,” alisema Mama Faustina. “Mwacheni ale.”

Sebuleni, Mercy alikuwa amesimama mlangoni. Aliitazama sahani, kisha akamtazama aliyekuwa na sahani.

“Amesema niachwe nile,” alisema Asukile kwa sauti ndogo.

“Nimesikia,” alisema Mercy. “Kula basi.”

Kuna watu ambao wangeendelea kula, na historia ya nchi yoyote imejaa majina yao. Asukile alijaribu. Firigisi aliirudisha sahanini. Alinawa mikono, akasimama, akatoka uani, mahali ambapo mkwe hana sababu ya kuonekana. Mama Faustina alivuta khanga usoni akageukia zizi la ndama.

“Shikamooni, mama zangu,” alisema Asukile akitazama miguu yake. “Mama hakusahau. Kosa ni langu. Kitufe cha gari nilikiweka chini, mahali ambapo mama hawezi kukiona, na nilijua kwamba hakukiona, na niliporudi kazini nikanyamaza. Mama ananifichia aibu. Naombeni radhi.”

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa tangu harusi yake. Kisha Matilda akapiga makofi, akapiga kigelegele, na wenzake wakakipokea.

“Mmemsikia? Huyo ndiye mkwe! Mama mkwe amekosa, yeye anaubeba mzigo mgongoni! Faustina, mwanao amepata mume!”

“Si hivyo, mama. Ni kweli kabisa kwamba mimi…”

“Tumeelewa, baba! Tumeelewa! Wangu mimi angekimbilia machimboni Makongolosi!”

Kadiri alivyozidi kukiri, ndivyo walivyozidi kumsifu. Mmoja alifuta machozi. Asukile aligeuka kumtafuta Mercy, naye Mercy alikuwa ameshika kidevu, akimtazama mama yake. Mama Faustina hakugeuka kutoka kule zizini. Alisema tu, kwa sauti ya kumwambia ndama, “Mrudisheni baba ndani, chakula kinapoa.”

Kikao kiliendelea. Kwa kuwa mkwe alikuwa amedhihirisha utu, na mwenyekiti alikuwa amekiri kusahau, hakukuwa na ubishi tena. Mama Faustina alishukuriwa kwa miaka yake ya kazi, akaombwa apumzike, na Matilda akachukua uenyekiti. Ndani, Asukile aliipasha moto aibu yake pamoja na mchuzi, akala vyote mpaka mwisho, kwa sababu kubakiza chakula ukweni ni dharau.

Aliporudi Mwanjelwa, alimweleza Clement kila kitu, mlango ukiwa wazi. Clement alisikiliza, akasema kwamba hiyo ni changamoto ya watumiaji, kisha akasema basi avihamishe vitufe. Asukile alivipandisha vitufe juu ya kioo, vikawa vikubwa, na chini ya kila picha akaweka maneno: Mwanzo, Mvua, Ita Gari, Mimi. Viliacha kufanana na wanakwaya. Vilifanana na fomu ya zahanati.

Toleo hilo lilipokwisha, alikwenda Igowole kulijaribu, safari hii kwa Matilda, ambaye si mkwe wake. Alikaa ubavuni kwake, akatazama vidole. Matilda aligusa juu, akaona gari, akacheka, akamwambia ni nzuri sana, Mungu ambariki. Tangazo la Umoja halikubadilishwa, kwa kuwa hakukuwa na neno ndani yake lililohitaji kurekebishwa.

Gari la Igowole halijapita bure tena msimu huu. Matilda ana namba ya dereva, humpigia.