Mwenye Nyumba Anaonja Kwanza

Leo naishi Butembo, kwenye baridi, na hakuna mutu ananilazimisha kukunywa chai ya moto ku jua. Lakini kule Beni, wakati ya kipwa, mvua ikikatala na mabati ikianza kulia, mama yangu alikuwa anatupa chai saa sita kamili. Siyo ya uvuguvugu, hapana! Yenye kuchoma ulimi. Majani ya sitroneli yenye alipanda nyuma ya jikoni, tangausi ya kutwanga, sukari kidogo. "Moto inafukuza moto," alikuwa anasema. "Kunywa, utoke jasho, mwili ipowe." Sisi batoto tukililia maji ya mutungi, alikuwa anatutukana: "Maji ya baridi ku jua ni kutafuta homa, bajinga nyinyi!" Na kweli, hatukukuwa tunagonjwa ovyo.

Tena kwetu Banande hakuna mugeni anapewa kikombe mbele mwenye nyumba hajaonja. Anaonja mbele ya macho yako, ujue hakuna sumu. Hata padiri akikuja, baba anaonja kwanza. Ile woga ya sumu ni ya zamani kuliko vita.

Basi vita ikakuja, na basoda bakaingia kwetu. Sitasema ni ba nani. Kila upande ilipita pale, na kila upande ilikula kuku zetu. Balimukamata baba asubuhi, bakasema anapeleka chakula kwa bale ba mu pori, kule Kasugho. Uongo mutupu. Bakamufunga ku nguzo ya lupango, ile uzio ya nyumba yetu, ku jua kabisa, mikono nyuma, na bakamupiga na kitako ya bunduki mpaka sikio ikatoka damu. Mama alichota maji. Komanda akamuambia: "Mwenye atamupa maji, namuangusha hapa hapa."

Saa sita ilipofika, midomo ya baba ilikuwa imepasuka na kichwa imeangukia kifua. Nilikuwa mutoto, lakini nilijua kama anakufa.

Komanda naye akasikia kiu. "Mama, leta kitu ya kunywa!" Mama akachemusha chai. Nilifikiri amepata wazimu. Akatoka na birika, akajaza kikombe, akamupita komanda kama hamuone. Akaenda kwa baba, akamuinua kidevu, akamutia chai mu kinywa.

Yesu wangu! Komanda aliruka, akamupiga mama kofi, birika ikayumba, chai ikamumwangikia ku mukono mpaka ngozi ikavimba pale pale. Akamuweka bunduki ku shingo. "Unanizarau? Nilisema nini juu ya maji?"

Mama hakulia. "Komanda, ile si maji. Ni chai yako. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza, na mwenye nyumba njo ule umefunga. Kama hutaki aonje, kunywa tu vile."

Basoda bakaangaliana. Nani alikuwa hajasikia habari ya sumu? Komanda aliangalia kikombe, kiisha akaangalia baba.

"Aonje," akasema. "Ameze, nione koo inatembea."

Kiisha kila soda akataka kikombe yake ionjwe. Na mama, mukono ikimutoka malengelenge, alikuwa anamupa baba funda kubwa, siyo ya kuonja, ya kushiba. Basoda bakakunywa, jasho ikabatoka, bakaanza kucheka. Moja akasema mwili yake imepowa. Baba akafungua macho. Mugeni njoo, mwenyeji apone: ile mezali nilikuwa naisikia tu ku kinywa ya bazee, ile siku niliiona.

Lakini asante ya punda ni teke. Jua ilipopunguka, komanda alikata kamba ya baba, akasema: "Muzee abaki. Huyu mama wa chai tunaenda naye." Baba akamushika mama muguu. Bakamuponda vidole na kitako ya bunduki, moja moja, na hakuachilia mpaka mukono ilikatala yenyewe. Mama akabebeshwa sufuria na birika yetu, bakamusukuma ku barabara. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nabachukia mpaka leo, na sione haya ya kuandika vile. Mwenye anataka nisamehe, apeleke kwanza mama yake.

Mama alirudia kipwa ingine, kwa miguu, amekonda, meno ya mbele hakuna. Akakaa ku kiti yake. Saa sita ilipofika, baba, na vile vidole yake ya kupinda, alichemusha chai yeye mwenyewe, akajaza kikombe, akamupa na mikono mbili. Juu ya furaha, desturi ilimutoka mu kichwa.

Mama aliangalia ile chai. Jasho ilikuwa inamutiririka. Hakushika kikombe.

"Onja kwanza," akamuambia bwana yake.

Baba akaonja. Mama akaangalia koo yake mpaka akaona imetembea, kiisha njo akanyoosha mukono.