Pua ya Mama Yake

Daktari aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilisema nakubali.

Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu, mikono ameibana katikati ya magoti. Alikuwa mtu mzima, mtumishi wa serikali, na kauli yangu haikuhitajika kisheria. Daktari mwenyewe alilisema hilo. Lakini alisema pia kwamba hagusi pua ya mtu kabla hajamsikia aliyemsindikiza, kwa sababu mgonjwa atarudi na pua mpya kwa watu walewale. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, au angalau kusema tungoje kwanza. Nikasema nakubali. Akaniuliza tena, nikasema tena.

Ili jambo hili lieleweke, lazima nianze na utani.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Dodoma na kazi ya reli. Nilizaliwa na kukulia Zuzu, nikasoma hadi kidato cha nne, nikawa karani wa stoo mpaka nikastaafu. Mke wangu ni Mgogo wa Mpwapwa. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, na kati ya watani tusi ni salamu. Siku niliyokwenda kuoa, wajomba zake walinivua viatu mlangoni, wakasema babu zangu walipita hapo pekupeku na mizigo kichwani, mimi nina ubora gani. Nilikaa harusi yangu yote bila viatu. Jioni wakavirudisha, vimepigwa dawa vinang'aa kuliko nilivyokuja navyo.

Mke wangu ana pua pana, ya ukoo wao. Mimi nina masikio yaliyochomoza. Hayo mawili yalitutosha kwa miaka yote ya ndoa. Nilikuwa nikimwambia kwamba akipiga chafya Zuzu, nguo zinaanguka kambani Mpwapwa. Naye, bila kuacha kukoroga mlenda wake, alinijibu: "Na wewe Mnyamwezi, upepo wa Dodoma ukivuma vizuri siku moja, masikio hayo yatakurudisha kwenu Tabora bila nauli." Hakuwahi kuniita kwa jina langu wala kuniita mume wangu. Aliniita Mnyamwezi, na wageni wasiotujua walidhani tunagombana.

Binti yetu wa mwisho alizaliwa na pua ileile ya mama yake. Nilipoonyeshwa mtoto, nilitoka nje ya wodi nikawaambia shemeji zangu waliokuwa wakisubiri: "Pua imefika, mtoto yuko njiani." Walicheka mpaka muuguzi akatoka kutunyamazisha. Mke wangu alipoambiwa alicheka zaidi yao, na akarudisha lake kuhusu masikio. Basi ile ikawa hadithi yangu. Niliisimulia kwenye kipaimara chake, niliisimulia wageni walipokuja, na alipohitimu chuo niliisimulia kwenye kipaza sauti, mbele ya rafiki zake. Yeye alikuwa akitabasamu. Sikujiuliza kamwe tabasamu lile lilikuwa la namna gani.

Kosa langu lilikuwa hapo, na mtu wa kwetu angepaswa kuliona. Mke wangu alikuwa mtani wangu, alikuwa na haki ya kunirudishia. Binti yangu hakuwa mtani wangu. Kwa kabila alikuwa wa upande wangu, na baba na mtoto hawataniani. Babu na mjukuu, sawa. Mtoto husikiliza tu na kunyamaza, kwa heshima. Kila nilipoirusha pua ile kwa mama yake, kulikuwa na mwingine mezani aliyeipokea usoni bila ruhusa ya kujibu.

Alipoajiriwa Mtumba, kwenye mji mpya wa serikali, katika masjala ya wizara, alianza kuvaa barakoa kila siku. Watu wengine walikuwa wameshazivua zamani, korona ilipopita. Nilidhani ni vumbi. Kule majengo yalikuwa bado yanainuka na upepo haukuwa na huruma. Jumamosi moja alikuja nyumbani, mama yake akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa nabangua karanga uani. Akaketi kwenye kigoda, akaivua barakoa, akaniambia ameshawasiliana na daktari wa upasuaji Dar es Salaam, ana akiba yake, na anataka nimsindikize. Alitaka pua yake ipunguzwe.

Nilicheka. Kweli nilidhani ananitania, na nikafurahi kidogo kwamba hatimaye amejaribu. Kisha nikauona uso wake.

Nikamuuliza ni nani huko ofisini aliyemwambia pua yake ni mbaya.

"Si ofisini, baba," akasema. "Ni wewe."

Hakusema kwa hasira. Alisema taratibu, kwa adabu, kama anayenikumbusha mahali nilipoweka miwani. Kisha akanirudishia maneno yangu yote, moja baada ya jingine, hata yale ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau.

Nilitaka kumwambia kuwa ule ulikuwa utani. Lakini nilichanganyikiwa, kwa sababu nilikumbuka ile siku ya wodini. Nilipofunuliwa kitambaa, nilitazama pua kabla ya macho, na kuna kitu kilinibana moyoni kabla sijapata la kuchekesha. Je, nilikuwa natania, au nilisema la kweli nikalivika utani? Nimejiuliza hilo mara nyingi na bado sijui. Siku ile sikujua kabisa. Nilichojua ni kwamba nina deni la aibu kwa mtoto huyu, na kumkatalia kungekuwa kumuumiza mara ya pili. Nikakubali kumsindikiza. Tukakubaliana pia kumwambia mama yake kwamba anakwenda kutibiwa pua kwa sababu anapumua kwa shida. Neno hilo nililipendekeza mimi.

Tulikwenda kwa treni ya umeme. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, na nakiri hakutuficha kitu. Alisema mianzi ya pua ingepunguzwa kwa kukatwa pembeni, na mgongo wa pua ungeinuliwa kwa kipande cha gegedu, ule mfupa laini, kitakachotolewa nyuma ya sikio. Alisema ngozi yetu ina tabia ya kuota makovu manene, akamkagua mabega na masikio kuona kama ana kovu la namna hiyo. Alisema uvimbe mkubwa huisha baada ya wiki chache, lakini pua haitulii kabisa mpaka mwaka upite, na wapo wanaolazimika kurudia. Wapo pia, alisema, wanaopata pua waliyoiomba na bado hawaridhiki, kwa kuwa kilichowaumiza hakikuwa pua. Kwa hiyo akamuuliza binti yangu: nani alikwambia pua yako ina kasoro?

Nilitazama sakafu. Nilikuwa nasubiri kutajwa, na naapa nusu yangu ilitaka nitajwe.

"Hakuna mtu, daktari," akasema. "Ni mimi mwenyewe."

Alinisitiri. Na mimi, mzee mzima, nikakubali kusitiriwa. Daktari akageuza kompyuta, akatuonyesha picha ya binti yangu akiwa na pua nyembamba. Nilimwona mtu anayefanana na binti yangu, labda binamu yake wa mbali. Daktari akasema, "Mzee, nawe unasemaje?" Nilitaka kusema kwamba pale kwenye kioo mke wangu hayupo. Lakini binti yangu alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu akiwa mdogo, akisubiri nimwambie kuwa ni mzuri.

Nikasema, "Itampendeza. Nakubali."

Baada ya upasuaji tulikaa kwa ndugu yangu wiki mbili. Wiki ya kwanza sikumtambua. Macho yalimvilia damu pande zote, pua imefungwa kifaa kigumu chini ya plasta, anapumua kwa mdomo, analala ameegemea mito mitatu. Nilimnywesha uji kwa kijiko. Alilia siku ya nne, akasema amejiharibu. Siku ya sita akajitazama kwenye kioo cha simu akasema pengine itakuwa nzuri. Mimi nilikubaliana naye siku zote mbili. Kila aliloniuliza lilikuwa na majibu mawili kichwani mwangu, na nilimpa lile aliloonekana kulihitaji.

Tulirudi Zuzu mchana. Mke wangu alitupokea, akamvua binti begi, akamketisha, akamwekea chakula. Aliitazama ile pua nyembamba, isiyo na plasta tena. Kisha akauliza bila kupandisha sauti: "Baba yako alikuwepo walipokuuliza kama unaitaka pua hii?"

"Alikuwepo, mama."

"Akasema nini?"

Binti yangu hakujua uzito wa alichokuwa anajibu. Alidhani ananisifu. "Alisema itanipendeza."

Mke wangu akatikisa kichwa kukubali, akainuka kwenda kuongeza mboga. Alipokuwa anarudi alikuwa ameshika upande wa kanga, ameziba mdomo na pua, kama watu wafanyavyo vumbi linapopita. Hapakuwa na vumbi.

Kesho yake asubuhi nilijaribu. Nilimwambia chai yake ina harufu nzuri, bila shaka ameionja kwa ile pua ya Mpwapwa inayonusa hadi Morogoro. Lilikuwa jaribio dhaifu, nakubali. Alinimiminia chai, akasema, "Karibu, mzee." Hakurudisha kitu kuhusu masikio.

Nilingoja wiki nzima. Mwishowe nilimfuata uani alipokuwa anaanua mboga zilizokauka, nikamwambia yote: aliloniambia mtoto, lile la kupumua kwa shida nililolitunga mimi, jinsi nilivyoshindwa kusema mbele ya daktari. Nikamwambia miaka yote ile nilikuwa natania tu.

Aliendelea kukusanya majani yake hadi ungo ukajaa.

"Wajomba zangu walikuvua viatu," akasema, "na jioni wakakurudishia. Huo ndio utani. Wewe hicho ulichokichukua utakirudisha saa ngapi?"

Nilimpokea ule ungo, nikaubeba hadi jikoni.

Pua ya binti yangu imepona. Mwanzi mmoja ni mdogo kidogo kuliko mwingine, yeye tu ndiye huona. Barakoa ameiacha. Nikimuuliza kama ana furaha, husema iko sawa, baba, na mimi sijui kama anamaanisha au ananisitiri tena. Akija nyumbani huketi karibu na mama yake, na wanazungumza vizuri. Hajatukosea kitu.

Ila mke wangu hucheka ameziba uso kwa kanga, na nikiingia hunyamaza. Hunitengea chakula kwa wakati, huniamkia vizuri, huniita mzee. Kusema nakubali mbele ya yule daktari kulinigharimu mtani wangu. Ninaishi na mke anayeniheshimu, na tangu siku ile hajaniita Mnyamwezi hata mara moja.