Kichuguu cha Mtandao

"Mama, nimeuza maksai mmoja," baba alisema kwenye simu. "Mmoja tu. Usianze kuwaza."

Baba huniita mama tangu nikiwa mdogo, na ananijua vizuri: mimi kuwaza sijaanza leo. Nilikuwa kwenye steshenari ninakofanya kazi, Mpanda mjini, nimeshika cheti cha mteja tayari kukiingiza kwenye mashine ya kulaminisha. Nikakiweka chini kwanza. Baba ana maksai wawili, ndio wanaolima shamba lake la mahindi kule Mishamo. Maksai aliyezoea kuvuta na mwenzake, ukimfunga peke yake anasimama tu anakuangalia. Kuuza mmoja ni kuuza wote, na mvua zilikuwa karibu.

Sababu niliijua. Ilikuwa ni ile sarafu yao, yeye na majirani zake.

Sarafu yenyewe haikuwa noti wala chuma, ilikaa ndani ya simu. Unafungua programu, unabonyeza kitufe mara moja kwa siku, namba inapanda, na siku moja ambayo haikutajwa ingefunguliwa na kugeuka hela ya kweli. Wenyewe waliita kuchimba. Kulikuwa na mwanamke, hakuna aliyewahi kumwona, aliyetuma ujumbe wa sauti kwenye grupu lao kila asubuhi. "Wenzenu wanachimba kwa sururu, wanafukiwa na kifusi," alikuwa akisema. "Nyie mnachimba kwa kidole." Sauti yake ilikuwa nzuri, hilo simnyimi. Ukiuliza sarafu inafunguliwa lini, anakuita mwenye haraka, halafu unatolewa kwenye grupu. Baadaye ikaja habari ya daraja la juu, kwamba wasiolipia watafunguliwa mwisho, bei ikishaanguka. Hapo ndipo maksai alipoondoka.

Jumamosi nikapanda basi la Mishamo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, tena makali, mpaka nikaanza kumwonea baba huruma kabla sijafika.

Nyumbani sikumkuta. Jirani akanionyesha kwa kidevu: wako kichuguuni. Mtandao kule ni wa kutafuta, na kile kichuguu kikubwa nyuma ya shamba la jirani ndipo mahali pekee simu inaposhika vizuri. Nilikuta watu wamekizunguka, wanaume kwa wanawake, baiskeli wamezilaza kwenye majani. Walikuwa wanapanda mmoja mmoja, wanabonyeza, wanashuka. Waliosubiri zamu walipukuchua maharage na kuulizana habari za wagonjwa. Mwenye pawabenki aliwachajia wenzake bure. Nilikuja na hasira zangu, sasa sikujua nimwagie nani. Tangu mama afariki sikuwa nimemwona baba akicheka na watu namna ile.

Akanipokea mkoba. "Umekuja kunigombeza."

"Nimekuja kuuliza, baba. Huyo mwanamke unamjua?"

"Simjui."

"Ofisi yake iko wapi?"

"Hata sijui."

"Sasa unamwamini vipi?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinivuta pembeni, tukakaa kwenye mzizi wa mti.

"Mama, wewe ulikuwa mdogo," alisema. "Tulipoomba uraia watu walitucheka. Walisema zile karatasi haziji, mnadanganywa, fungeni mizigo. Wengine walichoka, wakaondoka. Mimi nikakaa. Tukaambiwa zimesimama, nikakaa. Zilikuja, hazikuja?"

"Zilikuja."

"Basi."

Cheti chake cha uraia ninakitunza mimi, huku mjini, mtaa wa Ilembo ninakopanga, kwenye sanduku la bati, kwa sababu nyumba yake imeezekwa nyasi na anaogopa moto. Nilikilaminisha kwa mkono wangu mwenyewe. Baba aliletwa nchi hii akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akaishi mpaka akapata mvi akiitwa mkimbizi, na alichokipata alikipata kwa kukaa na kusubiri huku watu wanamcheka. Kwake yeye, watu wakikuambia unadanganywa, hiyo ni dalili kwamba umekaribia. Nikamwambia serikali ina ofisi, ina bendera, ina watu unaoweza kwenda kuwagongea mlango, na huyu dada ana sauti tu. Alinisikiliza kwa adabu yote. Halafu akasema zamu yake imefika, akapanda kichuguu.

Nikarudi mjini vile vile nilivyokwenda. Nikawa nampigia kuuliza kama maksai aliyebaki bado yupo. Yupo, anasema. Kesho yake nauliza tena.

Kisha asubuhi moja sauti haikuja. Programu ikakataa kufunguka, na grupu likafungwa, hakuna aliyeweza kuandika humo. Baba alinipa habari hizo kwa utulivu ulioniogopesha. Watu waliendelea kwenda kichuguuni jioni, wakisema huenda ni mtandao. Mvua ilipoanza wakaacha, kila mtu akaangalia shamba lake.

Kumbe jirani yake naye alikuwa ameuza maksai mmoja. Wakaamua kuunganisha waliobaki ili walime mashamba yote mawili. Shida ni kwamba wote wawili walifundishwa kuvuta upande wa kushoto. Ukiwafunga, kila mmoja anamsukuma mwenzake amwachie nafasi yake, na jembe linakwenda linakotaka. Baba alinisimulia akicheka, nami nikacheka sana, nikajua tumevuka.

Siku chache baadaye alipiga tena. Nilikuwa Ilembo, nafua uani.

"Mama, ile karatasi yangu ipo?"

"Ipo, baba."

"Hebu itoe."

Nikafuta mikono, nikaingia ndani, nikafungua sanduku.

"Umeishika?"

"Nimeishika."

"Jina langu limeandikwa sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

"Na muhuri upo?"

"Upo, baba."

Nilijua yuko juu ya kichuguu, nilisikia upepo unapiga kwenye simu.

"Wewe unafanya kazi na karatasi," alisema. "Iangalie vizuri. Ni ya kweli?"

Nikamwambia ni ya kweli. Akanishukuru kama mtu aliyetendewa wema na mgeni, akakata simu. Nguo niliziacha kwenye maji. Nilikaa kitandani na kile cheti, nikakigeuza kuelekea dirishani, nikautazama muhuri mpaka na mimi nikaanza kuogopa.