Taa nyekundu nyuma ya pazia

Nafikiri leo nimefanya tufukuzwe nyumba.

Kwa ploti yetu ya kupanga hapa Tassia, Nairobi, stima iko ndani ya kodi, kwa hivyo rice cooker, sufuria ya stima ya kupikia wali, ni marufuku. Mama huificha yetu nyuma ya pazia.

Nilipoiwasha mchana, stima ikapotea floo nzima.

Keateka, msimamizi wa ploti, akabisha. "Wewe, mnapikia nini?"

"Gesi."

(Mimi huwa hata salamu zinanikwama. Huo uongo ulitoka haraka hadi nikajiogopa.)

Akageuka kuondoka.

Stima ikarudi. Taa nyekundu ya rice cooker ikawaka, ikaonekana wazi kupitia pazia.

Akaitazama. Akanitazama.

"Mama akitoka kazi, mwambie aje anione."

Wali umeiva vizuri. Nimeufunika tu.

Nimpigie mama sasa, ama nimngoje mlangoni?