Wingu Lililonidanganya Leo Huku Itetemia

Wenzangu wa bwenini, leo nimeziloesha mbegu zote za mama mkwe wangu.

Karanga za kupanda msimu huu. Zote.

Mnamjua kipenzi changu, niliyeolewa naye mwezi jana. Kazi yake ni kutazama mawingu na kuyaandika kwenye daftari la mkubwa wake, Mwingereza. Jioni hunifundisha: ya juu, ya kati, ya chini; ya manyoya, ya tabaka, ya mafungu. Jamani, anavyoyataja!

Basi leo mama alianika karanga uani. Akaniuliza, "Mkamwana, tuanue?"

Nikatazama juu ya paa. Nikaona manyoya meupe, membamba. Nikajibu kama mwalimu: "Hapana, mama. Hilo ni la juu, halileti mvua."

Tukaenda kisimani.

Mvua ilitukuta huko huko. Tuliporudi, karanga zilikuwa zinaelea kwenda mtaroni.

Nikawa naokota moja moja.

Mama akasema, "Wewe umeona nywele zake, mkamwana. Kitako kilikuwa nyuma ya nyumba, cheusi tii!"

Ni kweli. Wingu hupangwa kwa kimo cha kitako chake, siyo kilele. Kipenzi alinifundisha Jumanne!

Bwana wangu akarudi anatabasamu. "Mmeliona lile wingu la radi? Zuri ajabu!" Kisha akaona karanga. "Nani alizisahau nje?"

Mama hakunitazama. "Mimi, mwanangu. Uzee huu."

Nikanyamaza. Mpaka sasa nimenyamaza.

Ninyi mngesema?