Papa Ndani ya Mlango wa Kabati

Kwa miaka mingi nilikuwa na picha ya Papa nyumbani kwangu, na mchungaji wetu hakujua. Niliibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, upande ambao mgeni hauoni, karibu na suti yangu ya ibada na magauni ya mke wangu. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, mtoto wa mwinjilisti wa hapa Malindi ya milimani Lushoto, si ile ya pwani, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mwalimu wa matarumbeta wa usharika. Mtu wa namna hiyo hatarajiwi kumficha Papa kabatini.

Picha zilitoka kwa jirani yangu, katekista wa kigango cha Wakatoliki kilichopo ng'ambo ya bonde. Mashamba yetu yanapakana. Yeye analima viazi, mimi kabichi na miti michache ya plamu. Kila Januari alinipa kalenda ya mwaka uliokwisha, aliyoipata kwa masista wa Kifungilo, ili watoto wangu wafunikie madaftari. Madaftari yalifunikwa, lakini ukurasa wenye Papa niliuchukua mimi.

Baba yangu angeliona hilo, angeniombea kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kwake Papa alikuwa somo la kipaimara, lile unaloelezwa kwa nini sisi tuliondoka. Na sikuwahi kufikiria kurudi. Siamini kwamba yupo binadamu asiyeweza kukosea, awe amevaa nyeupe au nyeusi. Mke wangu aliniuliza siku moja akikunja nguo, "Sasa huyu unampendea nini?" Nilimwambia sijui, naye akafunga mlango wa kabati taratibu, asije akamchubua Papa wa watu.

Nilimpenda kwanza kwa masikio. Alipokuja nchini kwetu nilikuwa kijana mwenye mke mpya na redio ya betri, nikamsikia akitusalimia kwa Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikafikiri, mzee huyu ana mambo ya dunia nzima kichwani, lakini alikaa chini akajifunza kutusalimia. Baadaye nikajua kwamba alikwenda gerezani kuzungumza na mtu aliyempiga risasi, na kwamba aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya kanisa lake. Hilo la pili ndilo lililonishangaza zaidi. Sisi kwenye baraza la wazee tunaweza kubishana miezi mitatu ni nani aliyeacha dirisha la ofisi wazi, na asipatikane.

Halafu nilihudhuria misa ya mazishi kule kigangoni. Padri alipomwombea Papa kwa jina, bibi mmoja kando yangu, ambaye sidhani kama amewahi kufika hata Tanga, alilirudia jina lile kwa midomo yake kana kwamba anamtaja mjukuu aliye safarini. Niliona wivu. Sisi viongozi wetu tunawachagua kwa kura, na tukishawachagua tunawachunga kwa jicho kali. Ni utaratibu mzuri, wala sitaki mwingine. Ila siku ile nilijiuliza ni lini mara ya mwisho nilimtaja kiongozi wangu mbele za Mungu bila kumshtaki.

Papa yule alizeeka akaanza kutetemeka. Nilimwona kwenye televisheni ya duka la pembejeo mjini Lushoto: mkono ukimcheza, sauti ikigoma, na yeye bado yuko dirishani mbele ya umati. Nilisimama pale na mfuko wa mbolea begani, nikalia mbele ya wateja.

Aliyemfuata, alipoona nguvu zimemwishia, alijiuzulu. Nilikasirika utadhani alikuwa mchungaji wangu. Nilikwenda mpakani mwa mashamba yetu nikamwambia Katekista, "Papa wenu amekimbia kazi."

Hakuacha kupalilia. "Amesema hawezi," alinijibu. "Wangapi unawajua wanaosema?"

Picha ya huyo nilikuwa nayo, lakini niliiondoa mlangoni nikaitia chini ya mashati.

Sasa niseme lililonipata mwenyewe. Mpuliza tarumbeta hutegemea meno ya mbele kama anavyotegemea mapafu, na yangu yalianza kulegea, kisha mawili yakatoka. Wakati huo mke wangu alikuwa ameshafariki, watoto wako mijini, na nyumbani nilikuwa nimebaki mimi na tarumbeta. Nilijua nikiliweka chini nitakuwa mzee wa kabichi tu. Kwa hiyo nikaficha. Nilichagua nyimbo zisizopanda sana. Noti za juu niliwaachia wengine, nikasema nawapa nafasi wajifunze. Katika kundi letu alikuwepo dada mmoja, muuza mboga sokoni, mama wa watoto wawili, mwenye pumzi safi kuliko yeyote niliyemfundisha. Huyo nilimpanga mstari wa nyuma, kwa sababu akisimama karibu nami tofauti inasikika. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyofanya.

Mwaka juzi tulimzika mzee mwenzangu wa kanisa. Jeneza likiteremshwa, mwalimu huanza ubeti wa mwisho peke yake. Nilipuliza, ukatoka upepo mtupu, kisha mlio kama wa mbuzi. Vijana hawakucheka. Wangecheka ningewagombeza na mambo yangeisha, lakini walitazama viatu vyao. Yule dada akaudaka wimbo kutoka nyuma na kuufikisha mwisho.

Katekista alikuwepo. Tulirudi pamoja kwa miguu.

"Leo tarumbeta lilikukataa, mwalimu," alisema.

"Midomo ilikauka. Jua kali."

"Mghoshi, tangu asubuhi hakuna jua. Ukungu mtupu."

Aliniita mghoshi, mwanamume mtu mzima, kama wanavyoitana Wasambaa wanaoheshimiana, na hilo likaniuma zaidi. Nikamtolea silaha yangu kubwa. Nilimwambia Papa wao mwenyewe alitetemeka mpaka siku ya mwisho na hakuachia. Mimi nani niachie?

Alisimama njiani, akaiegemea fimbo yake. "Baba Mtakatifu alitetemeka watu wote wakamwona. Wewe unatetemeka, unasingizia jua."

Nilitaka kumwambia kwamba mambo ya matarumbeta ni ya Walutheri, aachane nayo, lakini niligeuka nikashika njia.

Nilipofika nyumbani niliitafuta ile picha chini ya mashati, nikaitazama sana. Kwa miaka yote niliwatenga wale wazee wawili, mmoja shujaa, mwingine mtoro. Jioni ile niliona walifanya jambo moja. Wote wawili walikuwa juu ya kiti ambacho kingeweza kuwafichia udhaifu wao, na hawakukubali. Mmoja aliuacha mwili useme wenyewe, mwingine akausemea. Nilikuwa nimewapenda kwa jambo ambalo mimi, mwenye kiti cha mbao kwenye usharika wa mlimani, sikuwa na ujasiri nalo. Niliibandika picha ya pili kando ya ile ya kwanza.

Alhamisi, siku ya mazoezi, nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kuanzia wamisionari walioleta matarumbeta. Yote ikanipotea. Nikasema, "Meno yangu yamekwisha. Siwezi tena." Kisha nikamwita yule dada kutoka mstari wa nyuma, nikamwomba radhi mbele ya wote, nikamkabidhi kitabu cha nyimbo.

Pasaka iliyofuata tulikwenda makaburini alfajiri, kama tufanyavyo kila mwaka. Kila familia husimama kwenye kaburi lake, na wapulizaji husimama juu kwenye kona ya ua, wakitazama kunakopambazuka. Miguu ilinipeleka huko juu kwa mazoea.

"Shikamoo, mwalimu," alisema yule dada, akasogea kunipisha.

"Marahaba," nikamjibu, nikageuka nikateremka, maana sikuwa na kazi pale.

Nikaenda kwa mke wangu. Kaburi lake nililijua la mchana, siku za kung'oa majani. Alfajiri ya Pasaka sikuwahi kusimama hapo. Zilikuwa zimepita Pasaka sita tangu tumzike, na zote sita nilikuwa kule juu nawapulizia wafu wa watu wengine, yeye nimempa mgongo. Matarumbeta yakaanza, haraka kidogo kuliko ninavyopenda. Nikapiga magoti kwenye umande, nikaweka mkono juu ya udongo, nikamwambia kwa Kisambaa chetu cha nyumbani kwamba nimekuja.