Bibi wa Stesheni Isiyo na Reli

Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, na ilikuwa saa saba mchana. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo ninayoulizwa kwanza kila ninapokieleza kisa hiki.

Stesheni yenyewe iko nje kidogo ya Bura, ile ya Fafi. Usitafute jengo. Kuna nguzo nne fupi za saruji walizozichimbia wapimaji wa reli, na katikati yake vichaka vya miiba. Hata hivyo watu huiita stesheni, na kuna aliyekwisha kujenga kibanda cha chai akisubiri abiria. Mimi nilikuwa karani. Niliandika kila mtu, kila zizi na kila kaburi litakaloondolewa kuipisha reli. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Kisichoandikwa kingekutana na tingatinga.

Halima, mfugaji wa makamo, alikuwa anatafuta kaburi la mama yake. Mama huyo alizikwa hapo miaka mingi iliyopita, kisha mafuriko yakafukia mawe ya kaburi. Tangu alfajiri Halima alikuwa akipekua vichaka.

"Abaayo, dada yangu, pumzika," dereva wetu Dekow alimwambia. "Hata treni yenyewe haina haraka. Tangu niko shule inakuja tu."

"Wewe lala chini ya gari yako. Mimi natafuta mama, sitafuti tikiti."

Dekow akalala kweli, Halima akarudi vichakani. Hapo ndipo bibi kizee mmoja alipokuja akaketi mchangani, karibu na nguzo niliyoiegemea. Ukiniuliza alivaa nini, sikumbuki. Nakumbuka kwamba mguu wa kushoto aliukanyagia vidole. Kisigino hakikugusa chini.

Tukasalimiana. Nikamwita ayeeyo, yaani bibi, nikamuuliza jina kwa Kisomali changu cha mjini.

"Dahabo."

Mifugo? Hana. Anaishi na nani? Peke yake. Nikaandika. Kisha akaniuliza yeye.

"Hiyo treni itapita mara ngapi kwa siku?"

"Labda mara mbili, ayeeyo. Ya abiria na ya mizigo."

"Usiku pia?"

"Ya mizigo, ndiyo. Lakini wewe utakuwa umeshahamishwa."

"Kwenda wapi?"

Hilo sikulijua. Niliinama kutafuta karatasi yenye maelezo. Nilipoinua kichwa, hayupo.

Halima alirudi baada ya muda mfupi, akasimama ghafla akiutazama mchanga. Mfugaji wa huku anazijua nyayo za ngamia wake kama wewe unavyoijua sura ya mwanao. Je, atashindwa na nyayo za mtu?

"Nani alikaa hapa?"

"Bibi mmoja. Anaitwa Dahabo."

Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akapima unyayo kwa kiganja. "Hii ni mguu ya hooyo, mama yangu Dahabo. Nyoka iliuma yeye kisigino. Tangu hiyo siku haikugusa chini."

Niamini, hakuwa ameniambia jina la mama yake wala habari ya nyoka. Tukafuata nyayo, Dekow nyuma yetu akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Ziliishia chini ya kichaka cha mgunga na hazikuendelea. Halima akafukua kwa mikono. Mkono ulipozama hadi kiwiko, akagusa mawe yaliyopangwa.

"Andika," akasema huku akilia.

"Nimeshaandika."

Dekow aliacha kazi wiki hiyo. Siku hizi yuko Masalani, na hataki kuulizwa. Ukoo wa Halima ulikaa na sheikh, wakaona kaburi laweza kuhamishwa pakiwa na haja. Halima, aliyesomewa fomu niliyomjazia Dahabo, ndiye aliyekataa kutoa ruhusa kabla ya kunipigia simu.

"Karani, fomu yako inasema hooyo amekubali kuhama. Alisema hivyo?"

Ukweli ni kwamba alama ya kukubali niliiweka kwenye fomu zote asubuhi, ndani ya gari, kabla ya kumwona mtu yeyote. Wengi hukubali, nilitaka kuokoa muda. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Basi rudi, umuulize."

Nimerudi mara tano. Nafika mchana, naketi mchangani, nasubiri. Tingatinga limeshaletwa, nalo linasubiri ng'ambo ya nguzo. Hakuna anayekuja.

Nawe unayetumwa na karatasi kwa watu, nakuonya: usimjazie mtu jibu lake. Muulize, kisha unyamaze mpaka amalize. Wengine huja mara moja tu.